Wafunguaji wa Nchi ya Uwazi

Kufika Uwazi si kazi, na aliyefika huko hana cha kujigamba nacho, kwa hiyo safari yenyewe tuiache. Inatosha kujua kwamba Lutengano, fundi umeme mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, aliingia katika nchi hiyo asubuhi ya Jumanne akiwa na mkoba wa vifaa begani na barua ya shemeji yake mfukoni. Barua ilikuwa na mstari mmoja. "Shemeji, njoo haraka, Sihaba ameanza kusimama."

Alidhani ameitwa kwenye furaha. Shemeji huyo, Bi. Mwatumu, alikuwa mjane wa rafiki yake wa ujana, marehemu Chande, ambaye alioa Uwazi na kuzikwa huko. Sihaba alikuwa mjukuu wao, mtoto wa miezi kumi, aliyelelewa na bibi kwa sababu mama yake alishona nguo katika mji mwingine na kurudi mara moja kwa mwezi. Mtoto kusimama ni habari njema kila mahali. Lutengano hakujua kwamba huko Uwazi ni habari ya kuandikiana barua za haraka.

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa swichi ya mgahawa alimokunywa chai. Haikuwa na kifuniko. Waya zilining'inia nje ya ukuta kama matumbo ya kuku aliyepasuliwa, na wateja waliinamisha vichwa kuzikwepa huku wakiendelea kuzungumza. Alifikiri mwenye mgahawa ni mzembe. Kisha akaona duka la pili lipo hivyohivyo, na posta, na kituo cha polisi, ambako sanduku la fyuzi lilikuwa wazi juu ya kichwa cha askari wa zamu. Alihesabu mpaka arobaini akaacha. Kwenye ukuta wa manispaa palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya bluu: HATUNA CHA KUFICHA.

Jambo la pili lilikuwa watu waliokaa. Karibu kila nyumba aliyoichungulia mlangoni ilikuwa na mtu mmoja ameketi kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, hafanyi lolote. Wengi walikuwa wanawake wa makamo. Lutengano alisema moyoni kwamba Wauwazi ni wavivu wa kutupwa, na baadaye aliona aibu sana kwa wazo hilo.

Bi. Mwatumu naye alimpokea akiwa ameketi. Hakuinuka hata alipopewa mkono. Kwao Lutengano, mgeni wa mbali hapokelewi hivyo, tena na shemeji yake, na alitaka kukasirika.

"Nisamehe shemeji," alisema Bi. Mwatumu. "Siwezi kusimama."

"Pole. Miguu?"

"Miguu mizima. Hebu tazama."

Akajisogeza kidogo upande. Nyuma ya kiuno chake, shubiri moja tu kutoka sakafuni, palikuwa na soketi isiyo na kifuniko. Shaba ilionekana inang'aa, na waya mmoja ulikuwa umelegea kiasi cha kuchezacheza. Sihaba, mnene na mwenye meno mawili, alikuwa amesimama ameshika bega la bibi yake, na mkono wa pili ameunyoosha kwenye kile kitu kinachong'aa. Bi. Mwatumu akarudisha mgongo wake ukutani bila hata kugeuka kutazama, kwa mazoea.

"Tangu lini?"

"Imefunguliwa miezi kumi na moja. Kukaa hapa ndiyo wiki ya tano, tangu alipoanza kutambaa kwa kasi. Nilijaribu kuweka kinu, akakizunguka. Nikaweka sanduku la nguo, akalivuta. Vitumbua nimeacha kuuza. Chooni nakwenda naye mgongoni."

Lutengano alikwisha kupiga goti na kutoa bisibisi. Kazi yenyewe aliiona ni ya dakika nne: kuzima meni swichi, ile ya nyumba nzima, kukaza waya, kurudisha kifuniko, skrubu mbili. Kifuniko chenyewe kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na skrubu zake. Bi. Mwatumu akamdaka kifundo cha mkono.

"Usinifilisi, shemeji. Una leseni ya kufunga?"

Hapo ndipo Lutengano alipoelezwa sheria ya nchi. Uwazi kuna mafundi wa aina mbili. Kuna wafunguaji, ambao kazi yao ni kufungua: swichi, soketi, sanduku la fyuzi, chochote chenye kifuniko. Na kuna wafungaji, ambao hufunga. Anayefungua haruhusiwi kufunga, na anayefunga haruhusiwi kufungua. Soketi ya Bi. Mwatumu ilianza kuunguruma, akaita mfunguaji kama inavyotakiwa, mfunguaji akaja siku hiyohiyo, akafungua, akaona waya umelegea, akasema, "Mama, waya umelegea," akaenda zake. Kukaza waya ni aina ya kufunga. Kuzima meni swichi ni kufunga. Kubandika utepe wa gundi juu ya soketi ni kufunga kwa muda, na kibali chake ni tofauti. Kinachoruhusiwa bila kibali ni kuzuia, yaani kuweka kitu mbele, ndiyo maana nchi nzima imejaa watu walioketi ukutani.

"Na ukifunga bila leseni?"

"Nyumba inafunguliwa yote. Soketi zote, swichi zote, na milango wanaondoka nayo."

Lutengano alirudisha bisibisi mkobani. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Kwao pia kulikuwa na leseni na madaraja na wakaguzi, na yeye aliviheshimu, kwa sababu amewahi kuona nyumba iliyoungwa na mtu asiyejua. Akasema atakwenda ofisini kesho aombe leseni ya kufunga, jambo liishe.

Katika ofisi ya Baraza la Ufungaji alikuta ubao wa Bei ya Kawaida. Kufungua, dinari nne. Kufunga, dinari mia tisa. Alidhani mchoraji amekosea, akamuuliza karani, kijana nadhifu aliyekuwa na swichi wazi usawa wa sikio lake.

"Haijakosewa," alisema karani. "Bei ya Kawaida hupatikana kwa kujumlisha kazi zote za mwaka na kugawanya. Mwaka jana zilifungwa kazi mbili. Ukumbi wa Hazina na hamamu ya Spika."

"Kwa hiyo kufunga soketi moja ni bei ya nusu ya ukumbi na hamamu."

"Ndiyo kawaida," alisema karani, na hakuwa anatania.

Leseni za kufungua zilitolewa dirishani papo hapo, na foleni yake ilikuwa ndefu. Karani alieleza kwa fahari kwamba nchi ina wafunguaji elfu sita. Wafungaji walikuwa watatu. Alieleza pia chanzo cha sheria. Miaka sitini nyuma ghala la pamba liliungua, fundi akashitakiwa, akasema alifungua vizuri na akafunga vizuri, na hapakuwa na mtu wa kumpinga. Basi ikaamuliwa kila kazi iwe ya watu wawili, ili mmoja awe shahidi wa mwenzake. Tangu siku hiyo daftari la ajali lina safu tatu: Mfunguaji, Mfungaji, Katikati. Ajali ikitokea soketi ikiwa wazi, mfunguaji hana kosa, kwani amefungua kama alivyotumwa, na mfungaji hana kosa, kwani hajaja. Huandikwa Katikati.

"Kwa miaka sitini," alisema karani, "hakuna fundi wa Uwazi aliyepatikana na kosa."

Lutengano aliomba kuona daftari, akapewa bila shida, maana nchi hiyo haifichi. Mwaka jana peke yake palikuwa na mioto kumi na saba na watoto watatu. Majina ya watoto yaliandikwa kwa mwandiko mzuri, na mbele ya kila jina, chini ya safu ya tatu, alama ya vema. Aliufunga ukurasa taratibu. Karani akamkumbusha kwa adabu kwamba madaftari huachwa wazi, na akaufungua tena.

Baraza lilimsikiliza alasiri. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kadiri, mzee mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, naye alikuwa mmoja wa wale wafungaji watatu. Wajumbe wengine wawili walikuwa ndio wafungaji waliobaki.

"Umewahi kufungua?" aliuliza Mheshimiwa Kadiri.

"Kila siku ya kazi."

"Kisha hufunga nani?"

"Nafunga mimi."

Wajumbe walitazamana. Mmoja aliinama mbele kuitazama mikono ya Lutengano iliyokuwa juu ya meza.

"Kwa mikono hiyohiyo?"

"Sina mingine, mheshimiwa."

"Na ikitokea hitilafu," alisema mwenyekiti, akichagua maneno kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "huko kwenu huulizwa nani?"

"Naulizwa mimi."

Kisha katibu, aliyekuwa anaandika maelezo ya mwombaji katika fomu yenye safu zilezile tatu, aliinua kalamu.

"Mheshimiwa, hili niliandike wapi?"

"Liandike kama alivyosema."

"Nikiandika 'mimi', mheshimiwa, itasomeka kuwa ni mimi."

Hoja hiyo iliwachukua saa nzima, na niseme wazi kwamba haikuwa hoja ya kijinga kwa mtu aliyekulia Uwazi. Mjumbe wa kushoto alipendekeza iongezwe safu ya nne iitwayo Mimi. Mjumbe wa kulia akapinga: kila atakayesoma safu hiyo kwa sauti atakuwa amejitaja mwenyewe, na mkaguzi anaweza kurudi nyumbani na makosa ya watu mia. Ikapendekezwa "Yeye". Ikaulizwa, yeye nani? Katibu alikuwa ameiweka kalamu mbali na fomu kabisa, kwenye upande mwingine wa meza, na mikono ameificha mapajani.

Mwishowe iliamuliwa ombi liahirishwe mpaka kikao kijacho, siku tisini mbele, ili wataalamu wa lugha waitwe.

"Mtoto anasimama leo, mheshimiwa," alisema Lutengano. "Siku tisini atakuwa anakimbia."

"Basi asimame kwa tahadhari," alisema Mheshimiwa Kadiri, na kwa kweli uso wake ulionyesha huruma. "Au mimi mwenyewe naweza kuja kufunga, hata kesho. Kwa bei ya kawaida."

Lutengano alirudi na majibu hayo. Bi. Mwatumu hakulalamika. Alisema tu, "Basi nitakaa," akajipangusa jasho shingoni kwa ncha ya kanga. Alikuwa mwanamke mwepesi enzi za Chande, mtu wa kutembea na sinia kichwani mitaa mitatu kabla jua halijawaka. Sasa nyonga zilikuwa zimevimba, na akinyoosha miguu aliuma mdomo.

Alhamisi mchana Lutengano alikuwa uani ananawa mikono. Alisikia nyumba imekuwa kimya mno, akachungulia. Bi. Mwatumu alikuwa amepitiwa na usingizi pale kwenye kigoda, kichwa kimelalia kifua, na mwili umeteleza upande. Sihaba alikuwa amezunguka mgongo wake, amesimama peke yake bila kushika kitu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kidole kimoja kilikuwa njiani. Lutengano hakumbuki alivyoruka ule mlango. Anakumbuka tu kwamba alimnyakua mtoto kwa nguvu mpaka akalia, na Bi. Mwatumu akaamka, akaelewa, na akaanza kujipiga mapajani kwa viganja, polepole, bila sauti.

"Nililala," alisema. "Shemeji, nililala."

"Ondoka hapo ulale kitandani. Nakaa mimi."

Akakaa. Aliegemea mgongo mpana juu ya ile soketi, akakaa saa moja, saa mbili. Ukuta ulikuwa na ubaridi unaoingia kwenye mbavu. Hawezi kufika kwenye maji, hawezi kufika mlangoni kuona nani anapita, na mtoto akicheka upande wa pili wa chumba hawezi kumfuata akaone kilichomchekesha. Alivifikiria vile vigoda vyote alivyoviona Jumanne, na jinsi alivyowaita wavivu waliovikalia. Hasira ikampanda, hasira ya mtu mpole ambayo huchelewa kuja na haiondoki upesi. Ana mikono miwili inayojua kazi, na nchi nzima inamtaka aitumie kama kifuniko.

Bi. Mwatumu alipoamka alimkuta ameweka bisibisi mapajani.

"Nyumba ni yako," alisema Lutengano. "Milango watakayoondoka nayo ni yako. Nifanye nini?"

Bi. Mwatumu alimtazama Sihaba, aliyekuwa anajaribu tena kusimama, anaanguka kwa makalio, anasimama.

"Funga," alisema.

Alizima meni swichi. Akajaribu kwa testa kama umeme umekatika, akakaza waya, akarudisha kifuniko, skrubu mbili, akawasha. Ilikuwa kama alivyokadiria, dakika nne. Bi. Mwatumu aliketi kwa muda pembeni mwa soketi iliyofungwa, kwa sababu hakujua la kufanya na mwili wake. Kisha akainuka, mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akafaulu, akatoka mlangoni peke yake, akatembea mpaka pembe ya mtaa na kurudi. Alipoingia alikuwa analia.

Ijumaa ilikuwa siku ya ukaguzi. Mkaguzi wa mtaa aliitwa Bwana Tahadhari, na kazi yake ilikuwa kuhesabu vilivyo wazi ili kuhakikisha hakuna kilichopungua. Alisimama mbele ya soketi ya Bi. Mwatumu, akatazama daftari, akatazama soketi, akavua miwani.

"Nani amefunga?"

"Mimi," alisema Lutengano.

"Ni ruhusa yangu," alisema Bi. Mwatumu. "Andika mimi."

Bwana Tahadhari alianza kutokwa na jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto na miaka miwili tu kabla ya kustaafu. Soketi iliyofungwa na asiye mfungaji ilimaanisha nyumba ifunguliwe, na ilimaanisha pia yeye aulizwe alikuwa wapi. Akageuza kurasa nyuma na mbele, mara uso wake ukapata nuru.

"Haijawahi kufunguliwa," alisema.

"Miezi kumi na moja imekuwa wazi, na wiki tano nimeikalia," alisema Bi. Mwatumu.

"Mama, sikiliza. Mfungaji hakuja. Soketi imefungwa. Basi haikufunguliwa. Aliyeandika kuwa ilifunguliwa alikosea, na huyo amehamia wilaya nyingine." Aliandika kwa haraka, akapiga mhuri, akafuta paji la uso. "Hakuna kosa la mtu. Milango yako inabaki."

Bi. Mwatumu alitaka kumshukuru, lakini Bwana Tahadhari alikuwa hajamaliza.

"Kilichobaki ni kidogo tu. Dinari nne za kufungua ulilipa, na kazi kumbe haikufanyika. Serikali haidhulumu mtu. Jumatatu mfunguaji atakuja kuifungua."

Alikwenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyewatendea watu wema.

Jumatatu saa nne asubuhi mfunguaji alipiga hodi. Aliitwa Makungu, mtu mwembamba wa umri wa Lutengano, mwenye mkoba uliochakaa wenye bisibisi moja tu ndani, maana mfunguaji hahitaji zaidi. Alisalimia vizuri, akaonyesha kibali, akapiga goti mbele ya soketi. Bi. Mwatumu alikuwa amesimama na kigoda mkononi, tayari kukirudisha mahali pake. Lutengano alijipanga kusema, na hakupata neno ambalo nchi hiyo ingeweza kuliandika.

Makungu aliingiza bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Sihaba, aliyekuwa ameshika ukuta, akamwendea hatua tatu, akamshika bega, kisha akakipiga kifuniko cha soketi kwa kiganja kizima, pa, pa, pa, akimtazama usoni ili naye acheke. Kifuniko kilikuwa cheupe, kikavu, na hakikumfanya kitu.

Makungu hakuzungusha bisibisi. Alikitazama kile kiganja kwa muda. Kisha akaichomoa bisibisi, akatoa kitabu chake cha kazi, akaandika juu ya goti lake, akasoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: "Soketi, nyumba ya Bi. Mwatumu. Nimefungua." Akatia sahihi, akampa Bi. Mwatumu nakala, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Lutengano alimsindikiza mlangoni. Makungu alitazama mtaa upande huu na upande ule, akapunguza sauti.

"Fundi, vifaa vyako unavyo karibu?"

"Ninavyo."

"Nyumba yangu ni ya nne kutoka hapa. Soketi yake niliifungua mimi mwenyewe, kwa kibali." Akameza mate. "Mke wangu amekaa ukutani mwaka wa tatu huu."